Kupitia Sweta Mbili

Kila nilipoondoka nyumbani, mama alinisindikiza hadi barabarani, akasimama kando ya kibanda cha ndizi na kunipungia mkono mpaka gari likapotea kwenye kona ya kwenda Masimba. Nimeondoka mara nyingi. Nimeishi Kericho, Nakuru, Naivasha, na kwingine ambako sikumaliza hata msimu mmoja, na kote huko nilibeba picha ya ule mkono ulioinuliwa.

Niliporudi baada ya mazishi ya baba kupita, nilimkuta mama akifungwa kitambaa cha kichwa na jirani yake. Mkono wake wa kulia haukupita bega. Hospitalini walikuwa wamempa dawa na kumwambia bega limekaza, afanye mazoezi. Aliyaacha mara moja.

"Hata nikiuinua," aliniambia, "naupeleka wapi?"

Hakulala vizuri. Hakuchuma chai. Alikaa tu akitazama mlango.

Mimi nilijua kitu kimoja ambacho kingeweza kumsaidia. Kule Naivasha nilikuwa nikifua mashuka ya hoteli, na mgongo uliponigomea, mama mmoja Mjapani aliyekuja kufundisha wafanyakazi alinilaza kwenye godoro jembamba sakafuni. Kazi yake huitwa shiatsu, yaani kubonyeza kwa vidole. Hakuna mafuta, hakuna kuvua nguo. Alishuka na uti wangu wa mgongo kwa kidole gumba, polepole, akisubiri nitoe pumzi ndipo aegemee. Nililia bila kujua nalilia nini, naye hakuuliza. Baadaye alinifundisha, jioni baada ya kazi, kwa hiari yake. Alisema mkono mmoja hutembea na mwingine hutulia mahali pamoja, ili mwili ujue haujaachwa. Huo unaotulia wao huuita mkono wa mama. Namshukuru mpaka leo.

Lakini kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayoweka umbali kati ya mzazi na mtoto aliyekua. Tangu nitahiriwe sijawahi kukanyaga chumba anacholala mama. Nilipomweleza ninachotaka kufanya, aliweka kikombe chini.

"Mwanamume mzima kama wewe, unishike mgongo? Yaya, hapana! Ndivyo wanafanya huko unakozurura?"

"Ni juu ya nguo, mama. Hata sweta usivue."

Siku kadhaa zilipita. Kisha asubuhi moja akaniambia, bila kunitazama, "Kama ni lazima, utafanyia nje. Mchana. Na watu wakiona."

Nilidhani anatania. Mchana huo wanawake anaochuma nao chai walifika, wakaketi kwenye nyasi na vikombe vyao kama waliokuja kutazama mpira. Mama akatoka amevaa sweta mbili, leso juu yake, na gambuti miguuni.

"Wewe, unaenda kukandwa ama unaenda shambani?" jirani yake akauliza.

Alikubali kutoa gambuti. "Hizo tu," alisema. "Zingine usahau." Akalala kifudifudi mkekani.

Nilipiga magoti, nikauweka mkono wa kushoto katikati ya mgongo wake na kuuacha hapo. Kwa kidole gumba cha kulia nikaanza kulitafuta bega ndani ya sufu zile, kama mtu anayepapasa jiwe ndani ya gunia la mahindi.

"Kijana, huo ni mgongo, si chapati!" jirani akapaza sauti.

"Mwache, labda huko Naivasha alikuwa anapika mandazi," mwingine akadakia.

Mama alicheka. Alipocheka, bega lililegea chini ya kidole changu, nami nikaegemea. Baada ya muda alisema, uso ukiwa bado mkekani, "Tangu mzee aende, hakuna mtu amenishika. Hata nyinyi mnanisalimia kwa mbali."

Vicheko vikaisha. Mmoja alijifuta macho kwa leso. Nikaendelea kubonyeza. Punde mama akaanza kukoroma.

"Usimwamshe," yule wa chapati akanong'ona.

Niliacha kubonyeza, lakini mkono wa kushoto sikuuondoa mpaka wingu la mvua lilipotufukuza.

Tuliendelea hivyo kwa majuma, daima nje, daima mbele ya wanawake wale. Kwa kuwa naijua miguu yangu isivyotulia, nilimfundisha jirani. Mama anasema huyo ana kidole kizito kuliko changu, na umbea wake ni mtamu zaidi.

Siku niliyoondoka tena, mama alisimama kando ya kibanda cha ndizi. Kitambaa alikuwa amekifunga mwenyewe, kimekaa upande. Akauinua mkono wa kulia. Ulipita bega, ukakwama karibu na sikio. Basi akaushika kwenye kiwiko kwa mkono wa kushoto na kuusukuma juu, kama anayejitwika kikapu, akaanza kunipungia.

Dereva alipiga honi. Nilikuwa bado nimesimama barabarani.