Boga Lililofungwa Kamba

Kwetu Butiama, boga la kwanza kuiva mama alikuwaga analifunga kamba ya mkonge kwenye kikonyo. Kamba hiyo ilimaanisha boga hili ni la mbegu, na hata mwaka wa njaa hakuna mtu aliyeligusa. Baba mdogo aliyajua hayo. Alilelewa kwa desturi hiyohiyo, ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ghala letu lilivunjwa na mbegu zikamwagika njiani. Mama aliokoa chache, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nyuma ya nyumba mpya ulishika mche mmoja tu, nao ukazaa boga moja. Akalifunga kamba, akaliweka juu ya paa la jiko likauke.

Siku moja, mama na mimi tukiwa shamba la kijiji tunapalilia pamba, alikuja mkubwa kutoka Musoma kukagua kijiji. Baba mdogo ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alitaka sana kuonekana. Kuku wake walikuwa wamejaa uani, hakuchinja hata mmoja. Alipanda kwenye paa letu, akakata kamba, akalipika boga. Mbegu akazikaanga kwa chumvi.

Tuliporudi tulimkuta mgeni ameshiba. Akamwambia mama hajawahi kula boga tamu hivyo, na angependa kulipanda kwake.

"Mama, mbegu zake nitazipata wapi?"

Mama alinyoosha kidole kwenye sahani aliyoipakata mgeni. Ilikuwa imebaki chumvi tu.