Vikombe Saba vya Maman Sifa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachoka upya. Nilikuwa msichana wa Kamembe, nimeajiriwa kuandika majibu ya akina mama huko mlimani, Nkungu. Mradi ulikuwa ukigawa unga wa uji kwa watoto waliokonda. Nyumba nyingine zilipewa, nyingine zikasubiri, ili ijulikane kama unga unasaidia kweli. Sharti lilikuwa moja: uji ni wa mtoto aliyeandikwa tu. Ukimgawia wa jirani, unafutwa kwenye orodha.

Sasa niambie, mama gani wa mlimani atakoroga uji, watoto wa jirani wanachungulia mlangoni, awafukuze?

Kwa Maman Sifa, mmoja wa waliopewa unga, nilikuta vikombe saba vimeanikwa uani, naye ana mtoto mmoja. Nikamuuliza nani anakunywa uji. “Ni mutoto yangu peke yake,” akajibu. Kwa jirani yake, nyumba iliyokuwa ikisubiri, nikaambiwa, “Batoto ba hapa hawajauonja.” Nikaandika hivyo hivyo. Nilijiambia ninawasitiri. Kusema kweli miguu nayo iliniuma, nilitaka kurudi nyumbani.

Watoto walipopimwa, wa nyumba za unga na wa nyumba zilizosubiri walikuwa wamenenepa sawasawa. Wakubwa wakasoma karatasi zangu, wakasema basi, unga hauna faida. Ukakatwa. Hawakujua kwamba wote walikuwa wameunywa. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Nilipopanda tena Nkungu, mtoto wa Maman Sifa alikuwa amekonda upya, yuko mgongoni kwa mama yake hana hata nguvu ya kulia. Nilidhani mama atanitukana. Alisema polepole tu, “Siye tulidanganya sababu ya njaa, dada. Weye uliona bikombe na macho yako. Ulidanganya sababu ya nini?”

Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini si kwa msaada wangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe mwanangu, sasa wamekupa kalamu ya kuandika majibu ya watu. Andika ulichoambiwa, kisha pembeni andika ulichokiona. Ukimhurumia mtu, usimtunzie uongo wake. Nenda ukabishane na aliyeweka sharti linalomlazimisha kudanganya. Mimi sikubishana, na nimezeeka nao mzigo huo.

Nenda salama. Mungu akupe macho yasiyoogopa, na mtoto wa jirani akichungulia mlangoni kwako, asikose kikombe.