Njia ya Funo

Sidi alikuwa msafishaji wa picha katika studio ya Bwana Noormohamed, Kibokoni. Miaka yote kazi yake ilikuwa nyuso za maharusi na picha za vitambulisho, hadi alipokuja Loise, mtafiti wa wanyama. Kamera zake zilifungwa mitini katika msitu wa kwao Sidi, upande wa Kilifi. Mnyama akipita, zapiga picha zenyewe. Alitaka kujua funo, wale paa wekundu, hupita wapi na wakati gani.

Sidi akamwombea kazi mdogo wake, Ngowa, aliyekuwa akishinda juani Shimanzi kungojea kibarua cha kubeba magunia.

"Msitu ule amezaliwa nao mlangoni, Bi Loise."

Basi Ngowa akawa ndiye afungaye kamera na kuleta filamu mjini. Kila akija huomba kutazama picha, na Sidi humwonyesha kwa fahari.

"Kumbe hapa ndipo wanapopita, dada!" husema, akizisogeza dirishani.

Baadaye funo wakaanza kupungua. Loise akafunga kamera moja mwenyewe, asimwambie mtu, na filamu yake akaileta kwa mkono wake. Sidi aliitia karatasi ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu. Ukatokea mti. Akatokea funo ananing'inia, waya shingoni. Kisha mtu ameinama na panga, uso umeelekea kamera. Ngowa.

Angeweza kuichana. Alimpelekea Loise.

"Huyu ni tumbo moja nami, Bi Loise. Mfukuze kazi, lakini usimfungishe."

"Nitazungumza naye mwenyewe, Sidi. Yataishia baina yetu."

Hayakuishia hapo. Askari wa wanyamapori walimtoa Ngowa nyumbani kwa mama yao, watoto wakitazama. Akahukumiwa kifungo.

Loise alirudi studio na filamu mpya. "Wakubwa wangu waliiona ile picha," alisema, bila kumtazama usoni. Sidi alizipokea. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Alipokwenda gerezani, Ngowa alisimama nyuma ya wavu, asikae.

"Njia za funo ulinionyesha wewe," alisema. "Kisha njia yangu ukawaonyesha wao. Mwambie mama asije. Nawe usije tena."

Mama alikuja hata hivyo, na picha ilitoka mikononi mwa nani hakuhitaji kuambiwa. Aliposhuka basi Mwembe Tayari kwenda kumwona mwanawe, Sidi alimnyoshea mkono ampokee kikapu. Mama akakihamishia bega la pili, akapita.