Mdomo wa Gari la Maziwa

Mimi ni fundi wa injini za dizeli, na sitajifanya kwamba nilizifurahia zile mashine za kuchaji magari ya umeme watu wa kaunti walipokuja kuzisimika ubavuni mwa gereji yangu, pale barabara ya Moyale inapoanza kuuacha mji wa Isiolo. Mbili, nyeupe, zimesimama tu kama vijana waliokosa kazi. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna tone la oili chini. Sasa fundi atakula nini hapo? Nilisema mbele ya wateja wangu kwamba maendeleo haya ya kaunti yatatuacha tukitafuna spana.

Aliyewekwa kuzisimamia ni Akaale, binti wa Lomorukai wa Burat. Baba yake alikuwa na mbuzi mpaka ukame ulipowamaliza wote, na Akaale, aliyezoea kuamshwa na sauti zao, akajikuta chuo cha ufundi akijifunza kuvuta nyaya za nyumba. Ni mwanamke wa maneno machache. Ukimtania anakutazama mpaka utani wako unachachia mdomoni. Ana kanuni moja ya kazi ambayo nilichoka kuisikia: badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja uone. Mimi kwenye dizeli nagonga vitu vitatu kwa mpigo na injini inawaka, lakini haya, kila ndege huruka na ubawa wake.

Kazi yenyewe ni hivi. Gari likichomekwa waya, mashine inalitambua yenyewe, inakata malipo kwenye simu ya mwenye gari bila mtu kubonyeza chochote, na umeme unaanza kuingia. Likikataa, skrini inaandika tu kwamba malipo hayakukamilika. Hapo ndipo madereva humgeukia Akaale na kumtukana, utadhani pesa zao amezificha kwenye koti.

Siku ninayoisimulia jua lilikuwa limefika utosini lilipoingia gari la maziwa la akina mama wa Garbatulla. Lazima nieleze habari ya maziwa hayo. Kwa miaka mingi akina mama wale walikuwa wakituma maziwa ya ngamia Nairobi juu ya mabasi, na mara nyingi yalifika yamechacha. Mnunuzi wao aliyarudisha, akayarudisha tena, mwisho akasema wazi: yakija mabaya mara moja zaidi, tusijuane. Ndipo wakajikusanya wakapata gari la umeme lenye friji nyuma, friji inayokunywa kutoka betri ile ile ya gari. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza na maziwa ndani. Pia ilikuwa nafasi yao ya mwisho.

Wakashuka watatu. Kotile, dereva. Madina, anayeongoza biashara. Na Kabale, mama mkwe wa Madina, mzee kuliko wote katika chama chao, ambaye alikataa katakata maziwa ya kwanza yaondoke bila yeye kuyasindikiza.

"Salaam aleikum, Fundi Boru," Kotile akanisalimu, kisha akamwambia Akaale, "Habari dada. Chaja haraka, betri imebaki kidogo sana."

Waya ukachomekwa. Mashine ikafikiri, halafu yakatokea maandishi mekundu: malipo hayakukamilika.

"Si juzi ilikubali?" Kotile akauliza. "Hapa hapa. Sikugusa hata simu."

"Ilikubali. Niliona mimi mwenyewe," Akaale akajibu.

Madina akafungua simu yake. Pesa zilikuwepo. Akaale akapiga simu kwa huduma ya wateja Nairobi, akapokea msichana mmoja mwenye adabu aitwaye Sharon. Akaunti iko sawa, Sharon akasema, hebu liondoeni gari kwenye akaunti mliandikishe upya. Wakafanya. Mtandao ukajivuta, Madina akikanyaga mguu huu na kuuacha huu. Wakachomeka tena. Maandishi yakawa yale yale.

"Tuache hii ya moja kwa moja," Akaale akasema. "Lipa kwa mkono, kwa simu."

Hiyo nayo ikakataa. Akahamia mashine ya pili, kitu kimoja tu, halafu akangoja. Ikakataa. Mimi nikashauri plagi igongwe kidogo. Akaale akaisogeza plagi mbali na mkono wangu, na simlaumu.

Wakati huo Madina alikuwa nyuma ya gari ameweka kiganja kwenye ukuta wa friji. Hakuthubutu kufungua mlango, joto lisije likaingia. Kotile akasema labda wazime friji ili betri isife kabisa.

"Ukizima friji umezima sisi," Madina akasema.

Likaingia gari dogo la muuguzi mmoja wa hapa mjini. Akaale akamwomba achomeke kwanza. Mashine ikalitambua papo hapo, malipo yakapita, umeme ukaingia. Mimi moyoni nilitaka kumfukuza yule muuguzi, lakini Akaale alikuwa amepata alichokitaka.

"Mashine ni nzima. Pesa iko," akasema. "Basi shida iko kwa gari. Kotile, tangu juzi mpaka leo, hii gari imepata nini?"

"Hakuna. Imeenda Garbatulla, imebeba maziwa, imerudi."

"Imegonga mahali? Imeoshwa?"

"Maji ya kuosha gari Garbatulla tutoe wapi?"

"Kuna mtu aliharibu kitu hapa kwa soketi?"

Kotile akamtazama bibi kizee, kisha akatazama chini. "Hakuna mtu aliharibu," akasema.

Watu walikuwa wameshaanza kujaa, maana Isiolo haikosi watazamaji. Nikasikia mmoja akinong'ona kwamba huyu mtoto wa Kiturkana anayachezea maziwa ya watu makusudi. Nimezaliwa mji huu, najua neno la namna hiyo kati ya Waborana na Waturkana linavyoweza kufunga soko zima. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mimi ni Mborana kama yeye, na akiongeza neno lingine nitamziba mdomo na gasketi. Akarudi nyuma ya wenzake, lakini macho ya watu yakabaki mgongoni mwa Akaale, na najua aliyahisi.

Yeye akawasha tochi ya simu akamulika ndani ya soketi ya gari. Pini kubwa za umeme zilikuwa safi. Zile ndogo, ambazo gari hutumia kusema na mashine, zilikuwa na utando mweupe. Gari lisiposema na mashine halitambuliwi, na lisipotambuliwa, malipo yataanzia wapi? Juu ya mashine pameandikwa wazi kwamba mhudumu asitie mkono kwenye soketi ya mteja. Akaale akasoma yale maandishi, akainama, akanusa. Akasimama, akanusa tena.

"Madina, kuja unuse hapa."

Sasa, pua ya Madina ndiyo mtaji wake. Kila mtungi wa maziwa unaoletwa anaunusa kabla ya kuupokea, na akisema hapana, hata kadhi hawezi kumbadilisha. Akainama. Akafumba macho.

"Ni maziwa," akasema polepole. "Ya ngamia. Imekaukia hapo."

Sauti ikatoka kivulini, kwa Kiborana.

"Ni mimi," Kabale akasema.

Nikawa mkalimani bila kuombwa. Alieleza bila aibu yoyote. Gari lilipofika Garbatulla akina mama walitoka kulibariki. Wengine walinyunyiza maziwa kwenye magurudumu, wengine mlangoni. Yeye akamuuliza Kotile, hiki kiumbe kinakula kwa wapi? Kotile akamfungulia kifuniko cha soketi. "Nikakitia maziwa mdomoni," akasema, "kama ndama aliyefiwa na mama. Kitu kipya kinaanza maisha na maziwa."

"Na wewe Kotile, si nilikuuliza?" Akaale akasema.

"Uliuliza kama kuna mtu aliharibu. Akko hakuharibu. Akko alibariki."

Kwetu akko ni bibi, nyanya. Na nani angemlaumu kijana? Hata mimi ningeulizwa ningejibu vile vile.

Akaale akasema utando ule lazima ufutwe. Nilipotafsiri, Kabale akauweka mkono wake juu ya kifuniko cha soketi, mkono mwembamba wenye mishipa, akauliza swali moja: "Baraka inafutwa na kitambaa?"

Madina akabaki katikati. Nyuma yake maziwa ya akina mama wote, mbele yake mama wa mumewe. Humkatazi mkwe wako mbele ya soko, si kwetu. Machozi yakamtiririka wala hakuyafuta. Nilimwonea huruma kiasi cha kusahau kwamba nililichukia gari lile.

Akaale akachuchumaa chini mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mzee. "Akko," akasema, nami nikitafsiri neno kwa neno, "kibuyu chako ukitaka kutia maziwa mapya, unafanya nini?"

"Nakisafisha. Nakitia moshi."

"Baraka ya kibuyu inaisha?"

"Wewe ni mtoto wa nani?" Kabale akauliza.

Watu wakasogea. Nikatamani asijibu.

"Wa Lomorukai. Wa Burat."

"Ana wanyama?"

"Alikuwa na mbuzi. Ukame ulimaliza."

"Na nani anakunywesha maziwa siku hizi?"

"Nanunua ya pakiti, akko."

Kabale akasonya, na nilivyomwelewa mimi, aliisonya pakiti wala si msichana. Akauondoa mkono. "Safisha. Lakini usitupe chini. Utakachofutia nipe mimi."

Nikakimbia mwenyewe hadi duka la dawa, mimi na kitambi changu, nikarudi na pamba na spiriti ya vidonda. Akaale akamwambia Kotile azime gari lote, pamoja na friji.

"Na ikikataa kuwaka?" Kotile akauliza. "Betri iko mwisho."

"Umeme wa hii kitu unaua. Zima."

Friji ikanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba kelele yake ndiyo iliyokuwa ikitushikilia sote. Akaale akayapa mgongo yale maandishi ya mashine, akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya, akafuta pini moja, akabadilisha pamba, akafuta nyingine. Kila kipande kilichochafuka alikiweka kwenye kiganja cha Kabale.

"Tuwashe?" Kotile akauliza.

"Spiriti ikauke kwanza. Ngoja."

Tukangoja. Bati la gari lilikuwa linaunguza. Madina alikuwa ameegemeza paji la uso wake kwenye ukuta wa friji, midomo ikicheza, anaomba. Mimi nilitaka kupiga kelele. Akaale akamulika, akagusa pembeni kwa pamba kavu, akamulika tena.

"Washa."

Dashibodi ikabaki giza. Kotile akabonyeza tena, akataja jina la Mungu, na taa zikapepesa, zikashika. Akaale akachomeka waya akarudi nyuma hatua moja. Mashine ikafikiri. Ikalia tak, sauti ndogo ya kufuli, na skrini ikageuka kijani: gari limetambuliwa, malipo yamekubaliwa. Hakuna aliyegusa simu. Friji ikaanza kunguruma.

Madina akafungua mlango wa nyuma, akatoa mtungi mmoja, akafungua kifuniko. Sisi sote tulikuwa tunaitazama pua yake.

"Tamu," akasema. Akaurudisha mtungi mahali pake, akafunga mlango vizuri kabisa, kisha akaketi chini kwenye vumbi akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Jioni ile ile alinipigia simu kutoka Nairobi kwamba mnunuzi ameyapokea yote na anauliza mengine yanakuja lini.

Lakini hayo ni ya jioni. Mchana ule, gari likiendelea kula umeme, Kabale aliifunga ile pamba kwenye pindo la mtandio wake, mafundo mawili. Halafu akatoa kibuyu chake kidogo cha safari, akamimina maziwa kwenye kifuniko chake mpaka yakakaribia kumwagika. Nikadhani anakwenda kulibariki gari upya, na Kotile naye alidhani hivyo, maana aliruka akasimama mbele ya soketi.

Mzee akampita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Akaale, mbele ya wale wote waliokuwa wakinong'ona, akamnyooshea kifuniko. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kubahatisha, kwa hiyo hakunihitaji mimi:

"Kunywa, mtoto ya Lomorukai. Leo mimi najua mdomo iko wapi."

Akaale akakipokea kwa mikono miwili. Akatugeuzia mgongo ili anywe, na hakugeuka tena kwa muda mrefu.