Nyuzi za Besi na Sufuria Yangu ya Mlenda

Mdogo wangu Sostenes amepiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Mvumi miaka kumi na saba, na miaka yote hiyo sijamwona akinunua nyuzi mpya. Zikififia sauti anazifungua, anazichemsha, anazifuta, anazirudisha. Wapigaji wengi hufanya hivyo, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni sufuria. Alikuwa anachemshia kwenye sufuria yangu ya kupikia mboga ya mlenda.

"Dada Dorkasi, chuma hakina sumu."

"Na mlenda hauna muziki. Toa takataka zako humo!"

Siku za kazi yuko kwenye mashamba ya zabibu, anapogoa. Mwezi wa nane mkasi ulimteleza ukamkata kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Akashonwa nyuzi tano. Kidonda kilifunga, lakini kovu likabaki laini kama ngozi ya kitoto, na nyuzi za gitaa lake zimezungushiwa waya unaokwaruza. Akitelezesha kidole tu, kovu linachanika. Jumapili mbili mfululizo aliacha wimbo katikati, damu inadondokea joho.

Mwenyekiti wetu Obedi, ambaye ndiye anayetuongoza kuimba, mtu wa maneno machache na yote makali, akamwambia mbele ya kwaya nzima: "Sostenes, Jumapili ijayo usipomaliza nyimbo zote tatu, besi atapiga Jordan kwenye kinanda. Mkono wake wa kushoto hauna kazi."

Watu wakacheka. Sostenes hakucheka. Huyu hana ng'ombe wa kutajwa, shule aliikimbia, mke alimkimbia. Pale kwenye kwaya ndipo anapoitwa kwa jina lake. Wiki ile ugali ulikuwa unapoa mbele yake anautazama tu.

Alhamisi nikamvuta mpaka mjini Dodoma, kwa Mustapha, kijana wa Kondoa anayeuza vyombo vya muziki.

"Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba. Tumekuja na shida ya huyu mpiga besi." Nikamwinua Sostenes mkono, kile kidole kikasimama kama cha mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Pole sana. Nyuzi ngapi?"

"Tano," nikamjibu.

Akaingia ndani, akarudi na pakiti. Sostenes akaigeuza, akasoma, akanigeukia. "Dada! Gitaa langu lina nne!"

"Si ameuliza za kidole?"

"Kwani mimi daktari, mama?" Mustapha alicheka mpaka akashika kaunta.

Akaleta pakiti mbili, zote za nyuzi nne. Mimi nimeishia darasa la saba na muziki sikufundishwa, lakini vidole ninavyo. Nikapapasa za kwanza: zinakwaruza kama tupa ya kunolea. Za pili zilikuwa nyororo kama mpini wa jembe la miaka mingi.

"Hizo bapa," Mustapha akasema. "Waya wake umelazwa bapa, hazikwaruzi. Ila sauti yake imefunga kidogo, vijana hawazitaki. Lile gitaa la ukutani nimelifunga hizo hizo, jaribu kaka."

Sostenes akalichukua, akapiga. Du. Du-du. Akakunja uso.

"Hazilii hizi. Zinaguna. Nipe za kawaida, nitavumilia."

"Utavumilia kwa damu ya nani? Piga tena, taratibu."

Akapiga tena, na hapo nikaisikia. Mimi napiga muheme, ile ngoma tunayoibana mapajani sisi wanawake wa Kigogo, na mama yetu aliipiga kabla yangu. Sauti ni ile ile. Haina kelele, lakini inakukaa tumboni. Nikaanza kuigonga kaunta kwa viganja. Sostenes akanitazama, vidole vikanifuata. Mustapha akazima redio yake.

"Mama huyo," Sostenes akasema polepole.

"Ndiye. Lipa twende."

Jumapili niliimba alto macho yote kwenye kidole kimoja. Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu Obedi akarudisha kiitikio mara nne, na sitaki kusikia kwamba hakukusudia. Besi ikaenda nayo mara zote nne, nzito, bila haraka. Tulipomaliza Sostenes akamfuata, akamwonyesha kidole kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Kikavu.

Obedi akakitazama kwanza. "Besi leo imenenepa. Umeilisha nini?"

"Mlenda!" nikajibu mimi kutoka safu ya alto, maana pumzi niliyoibana tangu Alhamisi ilikuwa lazima itokee mahali.

Jordan akaendelea na kinanda chake, mkono wa kushoto ukiwa mapumzikoni.

Mustapha alituambia nyuzi bapa hazina haja ya kuchemshwa, zinakaa miaka. Jioni ile nikaisugua sufuria yangu kwa mchanga mpaka nikauona uso wangu humo. Sostenes alikula ugali wake wote, akasogeza mkono kwenye ugali wangu. Nikamwachia.