Nyati Nje, Wanga Ndani

Miaka ya tisini nilikaa kwa muda Sitalike, kijiji cha kando ya hifadhi ya wanyama, nyumbani kwa dada yangu, nikimsaidia kulea. Shemeji alikuwa mwalimu, na Jumamosi ninayoisimulia alikuwa ameenda Mpanda kwenye kikao. Dada alikusanya mashati yake yote meupe, akajitwika beseni, akashuka mtoni kufua. Mimi niliachwa na watoto watatu, na kazi ya kuandaa wanga wa kunyooshea mashati hayo yakikauka.

Muhogo nilikuwa nimeukuna jana yake na kuukamua kwenye kitambaa, maji yakalala kwenye sufuria. Asubuhi nilimwaga maji ya juu, chini ukabaki wanga mweupe, umeshikana kama chokaa. Nikaubeba kuuingiza ndani, kuku wasiuchafue.

Ndipo niliposikia kelele. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma, alipita mbio nyuma ya nyumba, kanga imemvuka.

"Wewe binti! Ingiza watoto, funga mlango! Nyati ametoka mtoni, ana jeraha!"

Niliwakamata watoto, nikawasukumia ndani, nikatia komeo. Nikaburuta gunia la mahindi mpaka mlangoni. Kisha nikasimama nikisikiliza.

Sikusikia kwato. Nilisikia pumzi. Dirisha letu lilikuwa la ubao, lina ufa mwembamba katikati, nikachungulia. Alikuwa amesimama kati ya nyumba na jiko, karibu kiasi cha kuwaona nzi waliomzunguka. Waya wa mtego ulikuwa umemkaza mguu wa nyuma mpaka nyama imefunguka. Na kwenye pembe yake moja lilining'inia shati jeupe, limelowa maji, mfukoni lina doa la wino. Doa lile nililijua. Nilikuwa nimelisugua kwa ndimu mwenyewe, likakataa kutoka.

Niligeuka nikaziba ufa kwa mgongo wangu.

"Mamdogo, kuna nini?" aliuliza binti mkubwa. Alikuwa na miaka saba hivi.

"Ng'ombe wa watu."

"Mbona unanong'ona?"

Nilimwekea kidole mdomoni. Mdogo kabisa, ambaye alikuwa hajafika hata miaka mitatu, akaanza kukunja uso. "Namtaka mama." Mara ya kwanza alisema taratibu. Mara ya pili sauti ilipanda, na huko nje ile pumzi ikakatika, kama mtu anayetega sikio.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi. Nilizunguka chumba kwa macho nikitafuta chochote. Niliona sufuria ya wanga, chupa ya chai yenye maji ya moto ya asubuhi, na kipakti cha bluu ya kufulia. Nikachuchumaa, nikatia maji kidogo kwenye wanga, nikaukoroga kwa vidole, nikachota na kuuweka kwenye kiganja cha yule mdogo.

"Ubane," nilimwambia sikioni. "Ubane sana."

Alibana. Wanga ukawa mgumu kama jiwe. "Sasa fungua mkono." Alipofungua, jiwe likayeyuka likapita katikati ya vidole vyake na kudondoka. Alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu, akachota mwenyewe, akabana tena. Kilio kikaishia kooni.

"Na mimi," alinong'ona kaka yake.

Kwa muda tulikuwa hivyo, wanne tumeizunguka sufuria, tunabana na kuachia. Nyati akajisugua ukutani. Vumbi likashuka kutoka kwenye dari, likaingia kwenye wanga. Watoto wakainua vichwa.

"Macho kwenye sufuria," nilisema. "Sasa tunatia rangi."

Nilitia bluu. Kisha nikafungua chupa, nikamimina maji ya moto kidogo kidogo huku nakoroga kwa mwiko. Maji mengine yaliniangukia gotini. Wanga ulianza kuwa mzito, ukang'aa, ukawa si maji wala unga. Nilipoinua mwiko ulifuata, ukavutika mrefu bila kukatika. Nikaupooza, nikawagawia.

"Kamasi la tembo!" alisema yule wa kiume, akaangua kicheko.

Nilimziba mdomo kwa mkono wangu wa bluu, lakini nilikuwa nimechelewa. Mlango ulipigwa pigo moja zito. Komeo likalia, gunia likasogea. Pigo la pili halikuja. Yule binti akanisogelea mpaka midomo yake ikagusa sikio langu.

"Ng'ombe wa watu hapigi mlango," alisema. "Mama yuko wapi?"

"Vuta," nilimwambia. "Tuone nani atavuta mrefu zaidi. Anayesema ameshindwa."

Akavuta. Machozi yalimtiririka bila sauti, na mikono yake haikuacha kuvuta.

Hatimaye ikaja sauti ya mwanaume kutoka barabarani. "Nyie mlio ndani, laleni chini!"

Tulilala juu ya kila kitu, wanga umetushika nguo na nywele. Bunduki ililia, ikalia tena. Kitu kikubwa kilianguka, na ukuta ukatikisika.

Nilipofungua, askari wa hifadhi alikuwa amesimama uani. Sikumsalimia. "Dada yangu yuko mtoni," nilisema. Alilitazama lile shati, akanitazama mimi, akawaita wenzake wakashuka mbio. Nilitaka kuwafuata, lakini watoto walikuwa wamening'ang'ania kwa mikono inayonata. Tukasubiri pale mlangoni. Kusubiri kule kulinishinda kuliko yote yaliyotangulia.

Alirudi akitembea kati ya wanaume wawili, amejaa matope mpaka kwenye kope, mkono wa kulia unaning'inia. Alikuwa amejitupa kwenye mtaro wa shamba la mpunga. Nyati alipita juu ya nguo alizoanika majanini, akamkanyaga mkono, akaendelea. Dada akabaki amelala kifudifudi mpaka aliposikia bunduki.

Aliwatazama watoto wake, mikono na midomo ya bluu. "Nani kawapaka hivi?"

"Kamasi la tembo," mdogo alisema, akamwonyesha.

Dada alianza kucheka, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti.

Gari la hifadhi lilimpeleka hospitali ya Mpanda, nami nikamfuata kesho yake. Nilimkuta na plasta mpaka begani.

"Ulijua kama nimekanyagwa?" aliniuliza.

"Nilidhani umekufa."

"Na ukakaa ukicheza nao?"

"Nikakaa nikicheza nao."

Aligeuza uso akatazama dari. Nilidhani amekasirika. Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima, akauminya mpaka ukauma.

"Kesho niletee uji," alisema. "Huu wa hapa hauna hata sukari."