Dagaa Ndani ya Kikombe cha Maziwa

Jumamosi iliyopita nilishuka soko la Nyabugogo kununua mchele, nikapita upande wa wauza dagaa, harufu yao ikanisimamisha. Mnaijua harufu ile: kali, ya chumvi na jua, ikishaingia kwenye nguo haitoki. Wengine huziba pua. Mimi mate yalinijaa mdomoni na, mniamini msiniamini, nikatamani kikombe cha maziwa mgando.

Msinicheke. Ngojeni kwanza niwaeleze.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa mtaa wa Kimisagara, kwenye nyumba ndogo iliyong'ang'ania mlima. Baba alikuwa dereva wa lori na muda mwingi alikuwa njiani, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Mama yangu alikulia Bujumbura, kando ya ziwa, akanilea kwa Kiswahili na kwa dagaa, ndagala kama alivyowaita yeye. Nyogokuru, bibi yangu mzaa baba, alikulia kambini Uganda, katika watu wa ng'ombe. Alirudi Rwanda na vitu vichache, na kimoja kilikuwa icyansi, chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko cha ususi kilichochongoka juu. Kila asubuhi alikifukiza kwa moshi wa majani, kisha akamimina humo maziwa tuliyonunua dukani, pale penye kibao cha AMATA. Ng'ombe hatukuwa naye. Hata kuku hatukuwa naye.

Lakini sheria ya ng'ombe tulikuwa nayo. Samaki na maziwa visikutane: si mezani, si mkononi, si tumboni. Ukivichanganya, kiwele cha ng'ombe kinapasuka, ng'ombe anakauka. Ndiyo maana mama alikaangia dagaa wake nyuma ya nyumba, karibu na bomba, akanawa kwa sabuni na ndimu mpaka kwenye viwiko kabla hajagusa kikombe. Yeye na Nyogokuru hawakugombana hata siku moja. Waliishi kwa adabu, na adabu ile ilikuwa nzito kuliko matusi.

Siku yenyewe nilitoka shule na njaa ya kuua mtu. Nikakuta ugali wa muhogo wa mchana na dagaa waliokaangwa kwa kitunguu na pilipili. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nikajaza mdomo, nikatafuna mara mbili, Mungu wangu! Pilipili ilikuwa ya kutosha mtaa mzima. Machozi yakanitoka, nikakimbilia ndani, nikashika kitu cha kwanza nilichokiona, kikombe changu cha maziwa mgando, nikanywa huku dagaa bado wako mdomoni.

Hapo ndipo nilipoponzeka. Moto ulizimika, lakini kuna kitu kilibaki. Uchachu wa maziwa ulikuwa umeikamata ile chumvi, dagaa wanalia kama kokoto chini ya meno, ulimi mzima umepoa na bado unawasha kwa mbali. Nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa jina. Kisha nikaenda nikaleta sahani nzima, kwa makusudi sasa, nikawa nachovya mmoja mmoja.

Nyogokuru aliamka kutoka usingizi wake wa mchana akanikuta hivyo. Hakupiga kelele. Alikichukua kikombe, akachungulia, na dagaa mmoja alikuwa anaelea humo, jicho wazi, akimwangalia.

Mama aliporudi tuliitwa wote wawili. Kiswahili cha Nyogokuru kilikuwa cha soko, kila kitu "iko", na alikitumia makusudi ili mama asiseme hakuelewa.

"Huyu umemufundisha weye?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu, sijui alitoa wapi."

Nyogokuru akanigeukia. "Sema haiko tamu. Sema, yaishe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu. Lakini dagaa walikuwa bado kwenye meno yangu, na mimi nilifundishwa na mwanamke huyohuyo kwamba uongo unamnyima mtoto kukua.

"Iko tamu," nikasema.

"Ng'ombe atakauka!"

"Ng'ombe gani, Nyogokuru? Sisi hatuna ng'ombe."

Mama alinizaba kofi kabla sijafunga mdomo. Nyogokuru alikaa chini polepole, akashika kifuniko cha icyansi mapajani, akawa anakigeuzageuza. Kisha akatoa hukumu: sitaonja maziwa ya nyumba ile mpaka niseme haiko tamu.

Siku tatu! Asubuhi nilikunywa chai ya rangi, nikapita mbele ya duka la maziwa nikivuta pumzi kwa nguvu, maana harufu haikukatazwa. Jioni ya siku ya tatu mama alinifuata nyuma ya nyumba akiwa na macho mekundu. Nyogokuru alikuwa ameacha kumjibu salamu, tena alikuwa ameanza kukunja nguo zake, anataka kuhamia kwa shangazi. Mtaa mzima ungejua kwamba mke wa Bujumbura amemfukuza mama mkwe kwa samaki.

"Sema tu, mwanangu. Kwani neno linakupunguzia nini?"

"Lakini ni tamu, mama."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema, akaanza kulia. Ile iliniuma kuliko kofi. Nilikaribia kusalimu amri, nawaambia ukweli. Lakini sikusema.

Jumapili, tukitoka misa, Nyogokuru alimwomba mama akaange dagaa. Mama alidhani hakusikia vizuri. Akakaanga. Nyogokuru akaniita kwenye ngazi ya nyuma, akaweka sahani kati yetu na kikombe cha bati chenye maziwa mgando. Icyansi alikiacha ndani. Akachukua dagaa, akachovya, akatafuna taratibu kwa meno machache aliyokuwa nayo.

"Iko tamu," akasema. "Najua tangu zamani. Nani atakataza kitu kibaya?"

Akanisimulia kwa Kinyarwanda, kwa maneno machache. Wakati huo alikuwa mkubwa kidogo kuliko mimi. Walikuwa wamekimbilia Uganda na ng'ombe wengi, akabaki jike mmoja. Siku moja ya njaa alipewa samaki wadogo na watu wa ziwani, akala kwa maziwa ya yule ng'ombe, amejificha. Mvua zilipokuja ng'ombe akakauka, kisha akafa. Hakuna aliyejua alichokula.

Akafuta vidole. Akamwambia mama, "Mupe mutoto maziwa." Nguo zake zikarudi kabatini.

Nami nilifanya nini? Nilirukaruka uani nikiimba nimeshinda! Nilijiona shujaa wa Kimisagara. Nilidhani kesi ilikuwa yangu. Sikujua kwamba kizee yule alikuwa amebeba ng'ombe mmoja kifuani tangu utotoni, akimchunga kwa vikombe safi na moshi wa majani, na kwamba siku ile alikuwa amekiri kosa lake kwa mara ya kwanza, tena kwa kitoto kilichomtonesha kidonda. Nilielewa miaka mingi baadaye, siku nilipokabidhiwa icyansi, mwenyewe hayupo tena. Nililia sana.

Dagaa na maziwa mgando ninakula mpaka leo, na wa kunikataza hajazaliwa. Jumamosi ile nilirudi na kilo nzima, nikakaanga, nikampa binti yangu wa miaka saba. Akatafuna, akaruka kwa pilipili, akakimbilia rafuni kuteremsha icyansi anywe maziwa, vidole vinang'aa mafuta.

"Usikiguse hicho! Ng'ombe atakauka."

Akanishangaa. "Ng'ombe gani, mama? Sisi hatuna ng'ombe."

"Tunaye mmoja," nikamwambia. "Wa Nyogokuru. Kanawe mikono."